Kikombe cha Bati na Kilo ya Mtindi

Kitendawili!

Nimekusikia. Umejibu "tega," hata kama umejibu huku mdomo umejaa chai. Basi natega. Mgeni wangu akifika ni mnene. Akining'inia kidogo kwenye kitambaa, anavua koti lake la maji, anaingia ndani mwembamba. Ni nani huyo?

Fikiri taratibu. Usiharakishe kunipa mji. Miji mliyonipa kwenye kipindi hiki ni mingi mno, mimi bibi yenu siwezi tena kuitawala. Jibu tutalikuta njiani.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Kikombe. Mpishi wa keki ya mtindi. Ametutoka wiki iliyopita, tumemzika, na machozi yetu tumeyatoa. Leo sikuja kulia. Leo nimekuja kumpigia vigelegele mwanamke aliyeshinda, na nitawaambia alishinda nini.

Hapa studioni nimezungukwa na watu wake. Mkono wangu wa kulia yupo mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye wote tunamwita Mzee Buti kwa sababu ya yale mabuti mazito ya kazini. Hata leo kayavaa. Pembeni yake yupo binti yao wa kwanza, Binti Mkubwa. Halafu yupo mke wa mtoto wao wa kiume, tumwite Mkwe. Na kule mwisho, karibu na mlango, amekaa dada yake Mzee Buti. Watoto wa nyumba ile wanamwita Shangazi, nasi tutamwita hivyohivyo. Shangazi ameniambia kabla hatujaanza, "Mimi nitasema mwisho." Haya, tutamngoja.

Sasa, kikombe.

Kilikuwa kikombe cha bati. Hakina mkono. Mdomo wake umepinda upande mmoja kama mtu anayetaka kucheka msibani. Mama Kikombe alipewa na mama yake, na mama yake alipewa sijui na nani. Kila kitu kilipimwa kwa kikombe hicho. Unga vikombe viwili. Sukari kikombe kimoja. Mtindi kikombe kimoja. Mafuta nusu kikombe. Mayai matatu, na hayo tu ndiyo hayakuingia kikombeni. Keki iliyotoka hapo ilikuwa laini, ukiibonyeza kwa kidole inakurudishia kidole chako.

Mzee Buti, wewe ulikuwa unasemaje kuhusu kikombe hicho?

"Nilikuwa nasema kipimwe," anasema Mzee Buti. "Mimi ni mtu wa chuma, bibi. Chuma ukikosea kukipima, geti halifungi. Nilimwambia, mama watoto, kijaze maji tujue kinachukua kiasi gani. Akaniangalia kama nimemtukana mama yake."

Akajibu nini?

"Akasema, 'Umeona wapi mizani inapandishwa kwenye mizani? Kikombe hiki ndicho kinachopima. Hakipimwi.'"

Ndivyo alivyokuwa. Na hapo ndipo matatizo yalipoanzia, wasikilizaji wapendwa. Kikombe kilikuwa kimoja. Waliokitaka walikuwa wawili.

Binti Mkubwa alikuwa amefungua duka lake la keki karibu na kituo cha mabasi. Alikuwa na oveni nzuri, na mizani ya jikoni mpya iliyokaa kabatini ikikusanya vumbi. Alipika kwa maelekezo ya mama yake, lakini kwa kikombe chake cha kioo. Keki zake leo zimefura, kesho zimenuna. Wateja wakaanza kumpita wakimsalimia kwa mbali.

Mkwe naye alikuwa nyumbani na mama mkwe wake, oveni ileile, kikombe kilekile. Keki zake zilikuwa sawa. Lakini alijua siku kikombe kikiondoka, na yeye kaondoka.

Binti Mkubwa alisema kikombe ni chake. "Mimi ndiye niliyezaliwa naye."

Mkwe akasema kikombe ni chake. "Mimi ndiye ninayeamka naye."

Wakanuniana. Si kununiana kwa siku moja. Walifika mahali wakiwa meza moja, chumvi ikihitajika, mmoja anamgeukia Shangazi: "Shangazi, mwambie huyo anisogezee chumvi." Na huyo yuko hapo hapo, viwiko vinagusana! Shangazi akawa simu ya nyumba.

"Simu bila malipo," anasema Shangazi kule mlangoni.

Sasa sikilizeni kilichowakuta. Akaja msimamizi wa mgahawa wa hospitali. Mtu mrefu, anaongea kidogo. Alikuwa ameonja keki ya Mama Kikombe mahali fulani, haikumtoka kichwani. Akasema anataka keki kila asubuhi, nyingi kuliko oveni moja inavyoweza. "Zipikwe hapa na zipikwe dukani kwa binti yako. Lakini mgonjwa akila Jumatatu, na akila tena Alhamisi, aone ni keki ileile. Jumamosi nitakuja kuonja za oveni zote mbili. Zikitofautiana, tutaagana vizuri tu."

Mnaona hapo? Oveni mbili. Kikombe kimoja. Na wanawake wawili wasiosemeshana. Kazi hii ikipatikana, oveni ya Binti Mkubwa inafufuka. Ikikosekana, duka linafungwa. Mama Kikombe alimsindikiza msimamizi mpaka mlangoni, akarudi, akakaa na kikombe chake mapajani. Mkwe anasema alikuwa akikizungusha, akikizungusha, kama mtu anayetafuta mlango wake.

Asubuhi iliyofuata, kikombe kilikutwa sakafuni jikoni. Kimekanyagwa. Kimelala bapa kama sarafu, bati limechanika ubavuni. Na juu yake, wasikilizaji wapendwa, ile alama ya soli. Mistari minene ya buti la fundi wa kuchomelea.

Nyumba nzima ikaangalia chini. Ikaangalia miguu ya Mzee Buti.

"Baba!" Binti Mkubwa akapiga ukelele.

"Mimi nilikuwa nimelala!" akasema Mzee Buti.

"Na buti lako nalo lilikuwa limelala?"

Mzee Buti akakiokota kikombe. Alitaka kukinyoosha kwa nyundo, Mama Kikombe akamzuia. "Ukikinyoosha kitakuwa kikombe kingine. Kiache." Halafu akavuta kigoda, akakaa katikati ya jikoni, akakunja mikono. "Mkono wangu ulijua kikombe," akasema. "Haujui gramu, haujui mililita. Jumamosi inakuja. Haya, wenye kugombea urithi, mmeupata. Pikeni."

Bibi yenu nasema hivi: kuna mtu akikupa mtihani unamchukia, na kuna mtu akikupa mtihani unakuja kumshukuru kaburini. Tuendelee.

Wahenga walituambia haba na haba hujaza kibaba, lakini hawakutuambia kibaba chenyewe ni gramu ngapi! Unga nyumba ile ulinunuliwa kwa gunia, sukari kwa kukadiria, mafuta kwa dumu. Kipimo cha kikombe kingepatikana wapi tena?

Mkwe ndiye aliyekumbuka. Akamwambia Shangazi, maana ndiyo ilikuwa njia ya simu: "Shangazi, mtindi. Mtindi tunaununua kwa uzito."

Na ni kweli. Mama muuza mtindi alileta kindoo cheupe kila asubuhi. Ndani yake kilo moja kamili ya mtindi, na uzito wa kindoo hauhesabiwi. Kilo moja. Hakuwahi kupunja.

"Kwa kikombe cha Mama," Mkwe akaendelea, "ile kilo inatoa vikombe vinne. Vinne vilivyojaa, na chini kinabaki cha kulamba. Mimi ndiye ninayekilamba, najua."

"Shangazi, mwambie anaota," akasema Binti Mkubwa. "Mimi nimekulia jikoni hapa. Nimepima mtindi tangu nikiwa nasimama juu ya kopo ili niifikie meza. Ile kilo inatoa vikombe viwili na nusu. Viwili na nusu!"

"Vinne!"

"Viwili na nusu!"

"Shangazi, mwambie—"

"Simu imeisha chaji," akasema Shangazi. "Semezaneni wenyewe."

Na Mama Kikombe pale kwenye kigoda, akiwa hata hajainua macho, akasema: "Kitendawili. Mgeni akifika ni mnene. Akining'inia kidogo kwenye kitambaa, anavua koti lake la maji, anaingia ndani mwembamba."

Umeshapata? Kama umepata, kaa nalo kidogo, usiwaharibie wengine.

Binti Mkubwa aliangalia ukutani. Pale kwenye msumari, juu ya beseni, kilikuwa kinaning'inia kitambaa cheupe cha Mama Kikombe. Siku asizopika asubuhi, mchana alimimina humo kilo nzima ya mtindi, maji yakadondoka ndani ya beseni, tone kwa tone, ukabaki mtindi mzito wa kupaka juu ya keki. Binti Mkubwa alikiangalia kile kitambaa. Halafu akageuka. Hakumgeukia Shangazi.

"Wifi," akamwambia Mkwe. "Wewe ulikuwa unapima saa ngapi?"

Mkwe anasema lile neno "wifi" lilimgonga kifuani. Hakuwa amelisikia muda mrefu. "Asubuhi," akajibu. "Kindoo kikifika tu."

"Mimi nilipima jioni," akasema Binti Mkubwa. "Nikishatoka shule. Baada ya kitambaa."

Wakaangaliana. Wakaanza kucheka.

Jibu ni mtindi, wasikilizaji wapendwa. Mgeni mnene ni mtindi, na koti lake ni maji yanayochujika. Ile kilo ya asubuhi ilikuwa vikombe vinne. Ikipita kwenye kitambaa, maji yanaondoka, na vikombe vilivyobaki ni viwili na nusu. Mkwe alisema kweli. Binti Mkubwa alisema kweli. Kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu, na kwa muda wote ule hawakuwa wanaongea.

Basi mizani ikatolewa kabatini dukani, ikapanguswa vumbi. Wakachukua mtindi wa asubuhi, usiochujwa. Wakapima kwanza kile cha kulamba, Mkwe akakikadiria kijiko kimoja kilichojaa cha kulia chakula. Gramu ishirini. Kilo ni gramu elfu moja. Toa ishirini, gawa kwa nne. Kikombe cha Mama kilikuwa kinachukua gramu mia mbili arobaini na tano za mtindi. Narudia kwa aliyekuwa anafukuza kuku jikoni: gramu mia mbili arobaini na tano za mtindi.

Mngedhani wameshinda. Bado!

Kwa furaha wakaingia kupika. Mtindi kikombe kimoja, wakapima mia mbili arobaini na tano. Safi. Unga vikombe viwili, wakapima mia mbili arobaini na tano mara mbili. Si kikombe ni kikombe? Sukari hivyohivyo. Mafuta nusu yake. Mchanganyiko ukawa mgumu, mwiko ukasimama wenyewe. Wakasukumia ndani ya oveni.

Mzee Buti, hebu waambie kilichotoka.

"Tofali," anasema Mzee Buti. "Niliigonga kwa kidole ikaitika. Nikawaambia, wanangu, hii haihitaji siagi juu yake, hii inahitaji saruji. Mleteeni fundi uashi."

Mama Kikombe alicheka mpaka akaomba maji. Lakini hakuwasaidia. Alisema neno moja tu: "Unga ni mtu mwembamba aliyevaa nguo kubwa."

Hapo Mkwe akapiga kofi paja lake. Kikombe kinaweza kujaa unga mpaka juu na mizani isishtuke. Unga umejaa hewa. Mtindi una maji, na mtindi na maji ni kama ndugu wa tumbo moja, mtindi kazidi uzito kidogo tu. Lita ya maji ni kilo. Lita ya mtindi ni kilo na kidogo. Kwa hiyo mtindi unaweza kuupima kwa mizani au kwa jagi, hautakutupa mbali. Ukishauzoea wema wake, unadhani na unga ni mwema hivyo. Unga hauko hivyo.

Wakafanyaje? Sikilizeni, maana hili ndilo lililonifanya nimpende Binti Mkubwa. Alichukua glasi ndefu iliyonyooka. Akaiweka juu ya mizani, akarudisha mshale kwenye sifuri ili uzito wa glasi usihesabiwe. Akamimina mtindi mpaka gramu mia mbili arobaini na tano. Akaigonga glasi mezani ili mapovu ya hewa yatoke. Halafu akamwita baba yake. Mzee Buti akaja na msumari wake wa kuchoria chuma, akapiga mstari kwenye glasi, pale pale mtindi ulipoishia.

"Hapo," akasema Binti Mkubwa. "Hicho ndicho kikombe cha Mama."

Wakaiosha, wakaikausha. Wakaijaza unga mpaka kwenye mstari, kwa kijiko, bila kuushindilia. Wakaupima. Gramu mia moja na thelathini tu! Sukari mpaka kwenye mstari, gramu mia mbili. Mafuta, mia mbili na ishirini. Wakamimina maji mpaka kwenye mstari, wakayahamishia kwenye jagi la kupimia: mililita mia mbili arobaini, au unywele mmoja chini yake.

Kikombe kilichokuwa bapa sakafuni kikasimama tena. Safari hii kilisimama mara mbili, maana Mzee Buti alichora glasi ya pili. Moja ikaenda dukani. Moja ikabaki nyumbani.

Jumamosi msimamizi akaja. Sahani mbili mezani. Akala kipande cha kwanza. Akala cha pili. Akarudi cha kwanza. Akanywa maji. Akala tena cha pili. Binti Mkubwa na wifi yake wamesimama mlangoni, wameshikana mikono mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Mwisho msimamizi akakunja uso, akasema kwa hasira: "Mmenichezea. Hizi zote zimetoka oveni moja!"

Wasikilizaji wapendwa, nasikia vigelegele vya siku ile vilimfanya fundi viatu wa jirani ajigonge nyundo kidole. Msimamizi alidhani wamemtukana, mpaka Mama Kikombe aliposimama, akamshika mkono na kumwambia, "Baba, hakuna aliyewahi kunisifia hivyo."

Kuanzia hapo kazi ikapanuka. Hospitali, kisha shule, kisha chumba cha kungojea mabasi. Binti Mkubwa akafundisha wanawake wa mtaa wake. Mkwe akafundisha wa kwao. Kila aliyejifunza alitoka na glasi yenye mstari wa Mzee Buti. Kikombe kimoja kilikuwa kinaipasua nyumba. Glasi zikaijenga.

Na Mama Kikombe? Alikitundika kile kikombe bapa ukutani, na ile alama ya soli ionekane vizuri. Kila familia ikikusanyika, wakishakula na kushiba, angeuliza: "Jamani, ni nani aliyekanyaga kikombe changu?" Watu wote wanamwangalia Mzee Buti. Mzee Buti anaapa. Watu wanacheka. Miaka nenda, miaka rudi.

Mpaka kitandani. Siku zake za mwisho alimwita mumewe karibu, akamwambia, "Baba watoto, lile la kikombe nimekusamehe."

"Nikamwambia, sikukanyaga!" anasema Mzee Buti hapa studioni, na anafuta macho huku anacheka. "Akanipapasa mkono. Akasema, 'Najua, najua. Nimekusamehe hata hivyo.' Bibi, mimi mpaka leo sijui nimesamehewa nini."

Siku ya mazishi, oveni zote zilileta keki. Masinia yakapangwa kwenye meza ndefu uani. Binti Mkubwa anasema katika kupokea wageni masinia yalichanganyika, na walipotaka kuyarudisha kwa wenyewe hakuna aliyeweza kujua keki ipi ni ya nani. Waombolezaji walikula. Waliobonyeza kwa kidole, kidole kilirudishwa. Mama Kikombe alikuwa ameshazikwa, na keki yake ilikuwa kila mahali.

Huo ndio ushindi niliowaambia.

Kwa Mzee Buti, kwa Binti Mkubwa, kwa Mkwe, kwa Shangazi, kwa mwanawe wa kiume aliye safarini, na kwa wajukuu, tunasema poleni sana. Mungu amlaze pema. Msiba wenu ni wetu sote tuliowahi kula kwenu.

Na wewe unayenisikiliza, nakuachia hili. Kuna kitu unakijua kwa mkono tu. Kiasi cha chumvi, namna ya kushona ukosi, dawa ya kikohozi cha mtoto. Kimo mkononi mwako, hakipo mahali pengine. Leo kabla hujalala, mwite mtu umpe. Usimpe kikombe, mpe kipimo. Kikombe hakigawanyiki. Kipimo, hata ukiwagawia mia moja, wewe unabaki nacho kamili.

Sasa Shangazi alisema atasema mwisho, na mwisho ndio huu. Shangazi, sogea kwenye kipaza sauti. Wewe ndiye uliyekuwa unaamka wa kwanza nyumba ile. Nakuuliza mbele ya wote, lile swali alilokuwa akiuliza marehemu. Ni nani aliyekanyaga kikombe?

Shangazi anamwangalia kaka yake. Anaangalia yale mabuti. Anajikohoza.

"Aliniambia, 'Wifi, usiseme mpaka nifunikwe udongo.' Sasa kafunikwa, nasema. Niliamka alfajiri kuchemsha chai. Nikamkuta amekiosha, amekipangusa, amekibusu. Akanionyesha vidole viwili, akasema, 'Kikombe kimoja, wifi. Watoto wawili.' Akakiweka chini. Kaka, buti lilikuwa lako. Lakini mguu uliokuwa ndani yake ulikuwa wa mke wako."